Usiku wa Jumatano ni usiku upi?

Jana nimepata tena ujumbe ule ule: "Shikamoo dada. Nimemaliza kozi ya Spark. Sasa nijifunze Kafka au Airflow ili nikue?"

Marahaba, mdogo wangu. (Kwa asiyezijua: Spark, Kafka na Airflow ni zana za kompyuta za kuchakata data, kuzisafirisha na kupanga kazi zake.) Nakujibu hapa hadharani kwa sababu swali hili nimeulizwa na vijana wengi mno, na kila mara ndani yake nakuta imani moja inayoniudhi: kwamba mhandisi wa data, yule anayekusanya, kusafisha na kupanga data, hukua kwa kuongeza zana, kama dereva anavyoongeza madaraja kwenye leseni.

Zana nitazimaliza upesi. Edgar Codd alichapisha wazo la kanzidata za uhusiano, zinazopanga data kwenye majedwali, mwaka 1970. SQL, lugha ya kuziuliza kanzidata hizo, ilizaliwa IBM miaka minne baadaye, na leo asubuhi nimeitumia. Hadoop, zana ya kugawa data nyingi kwenye kompyuta nyingi, ilitoka 2006 ikavuma kweli kweli, lakini vijana ninaofanya nao kazi hawajawahi kuigusa. Airflow ilianzia Airbnb mwaka 2014. Ijue SQL mpaka uweze kusoma mpango wa kutafuta data ambao kanzidata kama PostgreSQL inakupa ukiandika EXPLAIN. Andika kazi zako ili zikiendeshwa mara mbili mistari ya data isijirudie. Nyingine utazijua ukipata kazi inayozihitaji, na hutachukua muda mrefu.

Sasa nikueleze kilichonikuza mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuingiza kwenye kanzidata kumbukumbu za dagaa wanaoshushwa kwenye diko moja hapa Tanga. Karani aliandika kwenye kaunta buku: jina la chombo, saa, idadi ya ndoo. Kurasa zikapigwa picha kwa simu, vijana wawili wakazichapa, programu yangu ikazisafisha. Saa ya Kiswahili haikunisumbua. "Saa 8 u" ni saa nane usiku, yaani 02:00. Kisha nikaondoa saa tatu ili kila kitu kikae kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kama tunavyofundishwa. Majaribio yote yakapita. Jumla ya mwezi ikakaribiana sana na ya daftari, na nikaamini nimemaliza.

Baada ya miezi, mwenye chombo mmoja akaja na hesabu yake. Alikuwa amewalipa wavuvi wake kwa usiku mmoja, na ripoti yetu ilionyesha kwamba siku ile chombo chake hakikuleta hata nusu ya ndoo alizolipia. Watu walianza kuangaliana vibaya. Nilipitia msimbo mstari kwa mstari kwa siku mbili, sikuona kosa.

Nikaenda dikoni. Saa kumi alfajiri nikakaa na karani kwenye benchi, simu yake ikimulika ukurasa. Juu kabisa kaandika Jumatano na tarehe yake. Mstari wa kwanza chini yake: saa 5 usiku.

"Mzee," nikamwambia, "hiki si kiliingia jana, Jumanne?"

"Mwanangu, magharibi ikishaingia, Jumanne imekwisha. Huu ni usiku wa Jumatano."

Nilinyamaza, maana hilo nalijua tangu mtoto. Nyumbani kwetu usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Bibi hakuwahi kuuhesabu vingine. Nilipokaa mbele ya kompyuta niliyaacha mlangoni yale ninayoyajua.

Chukua mfano, namba nimezirahisisha. Usiku mmoja vyombo vitatu vinaingia: cha kwanza saa 5 usiku na ndoo 30, cha pili saa 8 usiku na ndoo 45, cha tatu saa 11 alfajiri na ndoo 20. Kwa karani, zote ni za Jumatano: ndoo 95. Kwa kalenda ya ofisini inayogeuka saa sita usiku, Jumatano ina ndoo 65. Kwa UTC, saa nane ya usiku wetu bado ni 23:00 ya Jumanne, kwa hiyo Jumatano inabaki na ndoo 20. Daftari moja, majibu matatu, na hakuna mstari hata mmoja uliopotea. Ndiyo maana jumla ya mwezi haikuniambia kitu: usiku mmoja unaposukumwa nyuma, unaofuata unaziba pengo, na tofauti inabaki pembeni tu, mwezi unapoanza na unapokwisha.

Hapa vijana hunikatiza: "Sasa dada, ipi ni sahihi?" Inategemea nani anauliza. Anayekusanya ushuru anafunga hesabu kwa tarehe ya kalenda. Wavuvi wanagawana kwa usiku, maana walitoka pamoja jioni. Anayetaka kulinganisha uvuvi wa usiku wa giza na wa mbalamwezi naye anataka usiku mzima, usiokatwa katikati. Sasa naweka safu tatu: maandishi ya karani kama yalivyo, wakati halisi, na usiku wa uvuvi. Safu ya kwanza haiguswi na mtu yeyote, hata mimi.

Benchi lile lilinipa na jingine. Kwenye safu ya ndoo karani alikuwa akipiga kistari pale chombo kisipotoka, hasa wakati wa mbalamwezi. Akiacha wazi, maana yake yeye mwenyewe hakuwepo. Vijana wetu walichapa sifuri kote kote. Wastani tuliokuwa tukiutoa kila wiki ulikuwa umebeba siku ambazo hakuna aliyehesabu. Hakuna kozi ya Spark ambayo ingenifundisha hilo, na hakuna seva ambayo ingelisahihisha.

Lakini nina mashaka yangu, na sitakuficha. Matangazo ya kazi yanaorodhesha zana. Sijaona hata moja lililoandika "awe amewahi kukaa na karani." Ukiwa huna Kafka kwenye wasifu wako, kuna mahali hutaitwa kwenye usaili, na mimi sina dawa ya hilo. Pia data zangu ni ndogo. Daftari la mwaka mzima linaenea kwenye Excel. Yapo matatizo ya wingi, ya seva makumi zikifanya kazi pamoja, ambayo siyajui kwa mikono yangu, na pengine anayeishi nayo angekushauri vingine. Na hata ile safu ya usiku wa uvuvi haijanitosheleza. Chombo kikibeba barafu kikalala baharini siku mbili, nimekipa usiku kilioingia, na sina hakika kama nimewatendea haki waliovua usiku wa kwanza.

Kwa hiyo, mdogo wangu, Airflow itakungoja. Mbalamwezi ikiisha na usiku wa giza ukianza, shuka diko lolote lililo karibu nawe kabla ya alfajiri, msalimie karani, usiwe na haraka, na umwombe akuonyeshe ukurasa. Muulize siku yake inaanza saa ngapi, na kistari kina maana gani. Kisha niandikie alichokujibu.