Uzamili wa umeme na kompyuta: anza na kozi, jina la chuo lifuate

Wengi wanaotafuta shahada ya uzamili katika uhandisi wa umeme na kompyuta huanza na orodha ya vyuo bora. Mimi nashauri uanze na orodha ya kozi. Fani hii ni pana mno: kwa jina hilohilo la shahada, mmoja atasoma gridi ya taifa, mwingine atasanifu chipu, wa tatu atafundisha kompyuta kutambua sauti, na huenda wasikae darasa moja hata siku moja. Chagua kozi nane ambazo ungependa kuzisoma, kisha angalia zinafundishwa muhula gani na zinadai uwe umesoma nini kabla. Kozi iliyo kwenye orodha lakini haijafundishwa kwa miaka miwili usiihesabu. Zikibaki chini ya tano, tafuta chuo kingine.

Hayo madai ya awali ndiyo yanayoangusha watu. Chuo kinaweza kukupokea kwa shahada ya kwanza ya umeme wa nguvu, kisha muhula wa kwanza ukakutana na kozi ya uchakataji wa ishara ambayo mwalimu wake anaamini uchambuzi wa Fourier (kuigawa ishara katika masafa yanayoiunda), matriksi na nadharia ya uwezekano unavijua tayari. Hatarudi nyuma kukufundisha. Kwa hiyo jipime mapema, kwa maswali ya tawi unalolitaka.

Ukitaka ishara na mawasiliano, jiulize: wimbi la 5 kHz likichukuliwa sampuli 8,000 kwa sekunde, litaonekana kama wimbi la masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) gani? Jibu ni 3 kHz, yaani 8 toa 5. Masafa yanayozidi nusu ya kasi ya sampuli hujikunja yakarudi chini, na yakishajikunja hakuna programu itakayoyatenganisha na wimbi halisi la 3 kHz. Ndiyo maana kichujio cha kuzuia masafa hayo huwekwa kabla ya kigeuzi cha dijitali, kile kinachochukua sampuli. Aliyekariri kanuni ya Nyquist, kwamba kasi ya sampuli izidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa, ataishia kusema "mara mbili". Aliyeielewa atakuchorea mkunjo wenyewe, na huyo ndiye kozi za uzamili zinamhitaji.

Kwa upande wa chipu na FPGA (chipu ambayo sakiti yake unaipanga mwenyewe): sakiti inaendeshwa kwa saa ya 100 MHz, kwa hiyo kila mzunguko ni nanosekunde 10. Njia ndefu kuliko zote kati ya rejista mbili, yaani sehemu zinazoshika data kila mdundo wa saa, inachukua nanosekunde 9.2, na rejista ya mwisho inataka data itulie nanosekunde 1 kabla ya mdundo wa saa. Jumla ni 10.2, data imechelewa. Unaweza kupunguza kasi ya saa hadi kama 98 MHz, au ukaigawa njia hiyo kwa kuweka rejista katikati. Lakini kuna kosa la upande wa pili: data inapofika mapema mno na kuifuta ile ya zamani kabla rejista haijaishika. Hilo haliponi kwa kupunguza kasi ya saa, kwa sababu halitegemei urefu wa mzunguko. Dawa yake ni kuichelewesha njia fupi. Kama tofauti hiyo ni ngeni kwako, rudia usanifu wa dijitali kabla ya kuomba nafasi.

Wa umeme wa nguvu wahakikishe angalau hesabu za vizio linganifu (per unit), ambamo kila thamani hugawanywa kwa thamani ya msingi, hazina shida. Kwa msingi wa kV 33 na MVA 100, ukinzani wa msingi ni 33² gawa kwa 100, yaani omu 10.89. Hapo ndipo uchambuzi wa mtiririko wa umeme unapoanzia.

Penye pengo, paziba kwa kalamu. MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, imeweka bure mtandaoni kozi ya 18.06 ya aljebra ya matriksi na 6.041 ya uwezekano, pamoja na mazoezi na majibu yake. Kutazama video peke yake hudanganya, kwa kuwa kila kitu huonekana rahisi mwalimu anapokiandika. Saa kumi kwa wiki kwa miezi mitatu, nyingi zikiwa za mazoezi, zinatosha kwa mtu aliyewahi kuyasoma mambo haya akayasahau. Ongeza lugha ya programu ya Python, na ya C kama unaelekea kwenye vifaa.

Kuhusu maombi, nasisitiza transkripti, yaani hati ya alama zako za chuo, kwa sababu huumiza watu wetu bila sababu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingi vya Kenya hutoa A kuanzia alama 70. Msomaji wa Marekani amezoea kuona 70 kama C. Hakikisha maelezo ya madaraja, ambayo mara nyingi huwa nyuma ya transkripti, yameskaniwa pia. GPA ya 4.2 kati ya 5.0 iandike hivyohivyo pamoja na kipimo chake. Usijigeuzie mwenyewe kuwa ya 4.0 isipokuwa fomu imekuambia ufanye hivyo na kukupa njia.

Barua za mapendekezo ziombe wiki sita kabla. Mwalimu aliyesimamia mradi wako wa mwaka wa mwisho ana faida kuliko mkuu wa idara asiyekukumbuka, hasa ukimpelekea ripoti ya mradi na rasimu ya malengo yako ili awe na cha kutaja.

Muhula wa kwanza usijaze kozi. Carnegie Mellon, chuo kikuu cha Marekani ambacho shahada hii huitoa pia katika kampasi yake ya Kigali, hupima kozi kwa uniti: uniti 12 maana yake takribani saa 12 za kazi kwa wiki, darasa likiwemo. Kozi nne za aina hiyo ni saa 48. Tatizo ni kwamba miradi yote huiva wiki zilezile za mwisho. Ukichukua mbili zenye maabara, nyingine ziwe za nadharia.

Fedha ziulizie kabla ya kulipa ada ya maombi. Marekani, kazi za usaidizi wa utafiti hupewa zaidi wanafunzi wa udaktari, kwa hiyo uzamili wa kozi tupu, usio na utafiti, mara nyingi mwanafunzi hujilipia. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ila jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Karibu zaidi, Chuo Kikuu cha Afrika (Pan African University) kina taasisi yake ndani ya JKUAT, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, huko Juja, Kenya, yenye uzamili wa uhandisi wa umeme na ufadhili wa Umoja wa Afrika. Huko tasnifu ni lazima, basi nenda ukiwa na wazo la utafiti linaloweza kupimwa kwa vifaa vilivyopo maabara.