Buibui-kaa, mwindaji anayejificha mauani

Ukiwa kwenye shamba la alizeti huko Lira, kaskazini mwa Uganda, au kando ya njia palipoota kishona nguo, ukamwona nyuki ametulia juu ya ua na hata ukilitikisa haruki, inama umtazame vizuri. Huenda amekwisha kufa, na aliyemshikilia shingoni ni buibui mwenye rangi ileile ya ua. Huyo ni buibui-kaa. Wakulima wengi wanaishi naye shambani miaka yote bila kumtambua, na wengine wanamuua kwa dawa pasipo kujua.

Hafumi utando wa kunasia wadudu. Uzi anao, lakini ni wa kujishikiza asianguke na wa kufungia mayai. Kuwinda anategemea miguu minne ya mbele, mirefu na yenye nguvu, ambayo huitanua pembeni akasubiri, hata kutwa nzima. Miguu hiyo na mwendo wake wa upande ndivyo vilivyompa jina la kaa. Nyuki akitua na kuzamisha ulimi kutafuta nekta, miguu humfumbata na buibui humuuma nyuma ya kichwa. Sumu yake hufanya kazi haraka, na haina budi, kwani windo lina mwiba na mara nyingi ni kubwa kuliko mwindaji. Jike wa jenasi (kundi la aina zinazokaribiana) ya Thomisus, iliyoenea barani Afrika, ana urefu wa milimita 7 hadi 10 tu. Dume ni mdogo zaidi. Buibui-kaa hatafuni. Humimina majimaji ya kuyeyushia chakula ndani ya windo, akanyonya, na kuacha gamba tupu lililo zima.

Kinachonivutia zaidi ni rangi. Majike wa baadhi ya aina huweza kugeuka kutoka weupe kwenda njano na kurudi, kulingana na ua walilokalia. Hawana kasi ya kinyonga. Kwa Misumena vatia, aina ya Ulaya na Amerika Kaskazini iliyochunguzwa sana, kuwa njano huchukua siku 10 hadi 25, ilhali kurudi kuwa mweupe huchukua siku 6 hivi. Njano ni rangi ambayo mwili lazima uitengeneze kwanza; weupe unatokana na fuwele zilizo chini ya ngozi, ambazo huonekana rangi ile ikiondolewa.

Lakini macho yetu si macho ya nyuki. Nyuki huona miale ya urujuanimno, sisi hatuioni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu Thomisus wa Australia ulionyesha kuwa buibui anayeonekana kwetu amejificha kabisa, kwa nyuki alikuwa anang'aa, na nyuki wa asali walilipendelea ua lenye buibui. Huko, mficho wake ulikuwa pia chambo.

Wafugaji wa nyuki huuliza kama wamuue. Hapana. Mzinga wenye nguvu una makumi ya maelfu ya nyuki, naye hukamata windo moja kwa wakati, akiwemo nzi na kipepeo, kisha anaweza kukaa siku kadhaa bila kula. Hatari kubwa kwa nyuki wako ni dawa ya wadudu inayonyunyizwa wakati mimea imechanua. Ikiwa hakuna njia nyingine, nyunyiza jioni nyuki wakisharudi mzingani. Hata hivyo buibui-kaa, ambaye halali mzingani, atapata dawa hiyo, na ndiyo sababu nasisitiza kungoja maua yaishe.

Kwa binadamu hana madhara ya kuhofia. Ukimkuta kwenye maua uliyokata ya kupamba nyumba au kanisa, mpandishe kwenye karatasi umrudishe kichakani. Na ukiona jani limekunjwa na kufungwa kwa uzi mweupe, usilifungue. Huenda jike yumo ndani, analinda mayai yake.