Usisubiri uive ndo uje kwenye matarumbeta

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wanaotaka kuingia kwenye matarumbeta, yaani bendi za kupuliza, ni hili: mwalimu, nikajifunze kwanza pembeni mpaka nishike shike ndo nije kundini, au nije tu hivi hivi? Njoo hivi hivi. Na sisemi ili nikutie moyo, kazi yangu ni kufundisha wapulizaji wapya kwenye kundi letu la mtaani, wengine wametoka usharikani wengine hawajawahi kuimba hata kwaya, na nimeona kabisa wale wanaojifungia chumbani na video za YouTube mwaka mzima wakija wana vidole vyepesi ila masikio bado, yaani mtu anapiga peke yake hata akiwa katikati ya watu kumi na tano. Kumtoa mtu kwenye hiyo tabia ni kazi ngumu kuliko kumfundisha ambaye hajui kitu.

Kuna na sababu nyingine ambayo watu hawaijui, nayo inatokana na haya mambo yalivyotufikia. Matarumbeta unayoyaona yamepanda kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, yanatangulia msafara wa harusi, iwe Dar iwe Moshi, yana asili zaidi ya moja. Pwani kulikuwa na beni, ngoma iliyoibuka miaka ya 1890 miji kama Mombasa na Lamu, watu wakachukua mwendo na vyeo na ala za bendi za kijeshi wakazifanya zao, kikundi kinashindana na kikundi, na Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja askari na wapagazi wakaisambaza mpaka bara ndani huko. Asili nyingine ni kanisa. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Usambara 1891, wale wa misheni ya Leipzig wakaingia Kilimanjaro 1893, na kwao matarumbeta ya usharika yalikuwa yameshashamiri. Huko Ujerumani kulikuwa na mchungaji anaitwa Johannes Kuhlo, mzaliwa wa 1856, ambaye alipigania sana kwamba mpulizaji asome noti moja kwa moja kwenye kitabu kile kile anachosoma mwimbaji, bila kuandikiwa karatasi yake pembeni.

Sasa hapo ndo mtu wa YouTube ananasa. Mwalimu wa kwenye video, mara nyingi Mmarekani, anakwambia tarumbeta ya kawaida ukipuliza bila kubonyeza valvu yoyote, yaani vile vibonyezo vitatu vya juu, hiyo noti iandikwe C. Kwetu sisi tuliorithi usomaji wa kanisani noti hiyo hiyo, sauti hiyo hiyo, tunaisoma B bemoli (B iliyoshushwa nusu toni) kwa sababu ndivyo inavyosikika kwenye kinanda. Hakuna aliyekosea, ni taratibu mbili tu tofauti, lakini aliyezoea ile moja akikaa na sisi anapiga kila kitu toni nzima chini ya wenzake na haelewi kwa nini. Kwa hiyo kabla hujajifunza noti hata moja nenda kwenye kundi unalotaka kuingia uwaulize wanasomaje. Wengine utakuta hawasomi noti kabisa, wanatumia do re mi kama kwaya au wanashika kwa masikio, na hiyo nayo ni njia halali, usiidharau.

Ukija utataka ukae tarumbeta ya kwanza. Wote wanataka, maana ndo inabeba wimbo. Sitakuweka huko. Nitakuweka alto, sauti ya pili chini ya wimbo, au kama una mapafu na mikono mirefu nitakupa tromboni, ile ya bomba la kuvuta, upige teno, na nitakukalisha kati ya watu wawili wazoefu. Sababu yenyewe iko kwenye chombo. Tarumbeta ni bomba tu, ukilipuliza wazi bila kubonyeza haikupi noti zote, inakupa do, sol, do ya juu yake, mi, sol, na kuendelea hivyo, na zinazidi kubanana kadiri unavyopanda. Kutoka moja kwenda nyingine unabadilisha midomo na kasi ya pumzi, vidole havihusiki. Valvu kazi yake ni kurefusha bomba: ya pili inashusha nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu. Huko juu noti zinakokaa karibu karibu ndo kwenyewe kwa sauti ya kwanza, na midomo ya mtu mpya haina shabaha, analenga sol inatoka mi au inatoka kitu cha katikati kisicho na jina. Alto inakaa chini kidogo, inazunguka kwenye noti chache, na nyingi zinajirudia. Hapo unapata nafasi ya kusikiliza.

Na kusikiliza ndo somo lenyewe. Siku ya kwanza ya wimbo wenye mapigo manne nakwambia piga pigo la kwanza tu, mapigo matatu yanayobaki hesabu kimoyomoyo na tarumbeta iwe mdomoni tayari. Moja, kimya, kimya, kimya. Watu wazima wanaona kama wanachezewa, ila ukifanya hivyo wimbo mzima bila kupotea umeshakuwa mwanamuziki wa kundi. Wiki zinazofuata unaongeza pigo la tatu, halafu yale yanayobaki, noti usiyoiweza unaiacha ipite na unaidaka inayofuata. Kundi lina watu watatu wanaopiga sauti yako kwa hiyo noti ukiiacha wimbo unasimama vizuri tu, lakini noti iliyochelewa au iliyoingia kwa kubahatisha inasikika mpaka geti la ukumbi. Mtu aliyejifunza peke yake hili hawezi, yeye akikosea anasimama anarudi nyuma anaanza upya, na huku wenzake wameshafika ubeti wa pili.

Nyumbani fanya mazoezi, sijasema usifanye. Dakika kumi na tano kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi, maana midomo ni misuli na misuli haipendi kushtukizwa. Noti ndefu, ya chini, laini, uisikie inaanza safi na inaisha safi. Pumziko liwe sawa na muda uliopuliza. Mashavu yasivimbe, najua Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, alivimbisha na alikuwa gwiji wa dunia, ila wewe mpya mashavu yakijaa upepo kona za mdomo zinalegea na sauti inakuwa na pumzi pumzi. Na hili nalisema kwa msisitizo kabisa: usipate noti ya juu kwa kuigandamiza mausipisi, kile kipande cha kupulizia, kwenye midomo. Inatoka kweli, mara moja mbili, halafu damu haipiti, midomo inavimba na mazoezi yameishia hapo. Noti ya juu inatoka kwa pumzi ya kasi na kona za mdomo zilizokaza. Kama leo haitoki, leo si yako, iache.

Kununua chombo ngoja kwanza. Makundi mengi yana tarumbeta za zamani za kuazimisha, na hata ikiwa na vibonde si neno, kinachotakiwa ni valvu ziteleze na slaidi, vile vipande vya bomba vinavyovutika, zitoke. Zijaribu mbele ya anayekuazima, toa slaidi zote moja moja, ikigoma usivute kwa nguvu mpe fundi. Mausipisi ndo ununue yako mwenyewe, hiyo hatushirikiani, ioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Valvu zinataka oili yake maalumu, usiweke mafuta ya kula wala ya cherehani, yananata vumbi na baada ya muda valvu inabonyea hairudi. Halafu angalia kama slaidi ya valvu ya tatu ina pete ya kuingiza kidole. Si pambo ile. Ukibonyeza valvu ya kwanza na ya tatu pamoja sauti inapanda kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo unaisukuma slaidi nje kidogo na kidole noti inakaa sawa. Vijana wengi wanapiga miaka hawajui pete ni ya nini, na ndo maana zile noti za chini zinawachoma masikio kila harusi.

Masuala ya hela yaulize mapema na uyaulize wazi. Kwetu sisi mtu mpya anapewa nauli na chakula mpaka atakapoweza kubeba sauti yake mwenyewe, mgao unaanza hapo, na chombo cha kundi kikiharibika kazini linatengeneza kundi, kikiharibikia nyumbani kwako unatengeneza wewe. Kwingine wana utaratibu wao. Kundi ambalo halitaki kukwambia utaratibu wake lifikirie mara mbili.

Barabarani utatoka mapema kuliko unavyodhani, pengine hata kabla hujaweza wimbo mzima, na nakutoa makusudi kwa sababu nje ni tofauti kabisa na ndani. Kule hakuna ukuta wa kurudisha sauti, hujisikii, na mtu mpya asipojisikia anaongeza nguvu, dakika ishirini midomo imekufa. Piga kwa nguvu ile ile ya mazoezini. Mguu wa kushoto uende na ngoma kubwa, ukipotea acha kupuliza endelea kutembea, miguu itakurudisha kwenye wimbo yenyewe. Jua nalo linapandisha sauti, chombo kikipata joto kila mtu anakuwa juu, kwa hiyo mkisimama sikiliza besi uvute slaidi kubwa, ile ya kurekebisha sauti ya chombo kizima, nje kidogo. Na mkiwa juu ya kirikuu kaa chini, mgongo wima, usiegemee ubavu wa gari, na usifumbe macho hata wimbo ukunogee vipi. Tarumbeta ikiwa mdomoni gari likaruka, mausipisi inagonga meno ya mbele. Wazoefu wanaiangalia barabara huku wanapiga, ukiona wote wameshusha tarumbeta, na wewe shusha, kuna tuta.