Simu yako na ugonjwa wa abiria mwenzako: maswali tunayoulizwa

Hizi programu za kutahadharisha kuhusu maambukizi hufanyaje kazi?

Chukua matatu ya kutoka Kayole kwenda tao. Abiria wawili wasiojuana wamebanana kiti kimoja, kila mmoja na programu hiyo kwenye simu. Simu zao hurushiana kwa Bluetooth tarakimu zisizo na maana, zinazobadilika kila dakika 10 hadi 20. Jina halimo, namba ya simu haimo, wala steji uliyopandia. Mmoja akipimwa akapatikana na corona, na akikubali, funguo zinazozalisha tarakimu zake hutumwa kwenye kompyuta kuu. Simu ya mwenzake huzipakua, huzilinganisha na ilizohifadhi, na kazi hiyo hufanyika papo hapo mfukoni. Zikioana, anaarifiwa kwamba alikaribiana na mgonjwa. Haambiwi ni nani. Google na Apple waliutoa mfumo huu Mei 2020, wakati wa corona; programu nyingi za aina hii zimeshazimwa.

Mbona basi simu nyingine zilidai niwashe huduma ya kuonyesha mahali nilipo?

Simu za Android za zamani haziwezi kusaka Bluetooth bila huduma hiyo kuwashwa. Programu za mfumo huu zilikatazwa kuchukua mahali ulipo, lakini siwalaumu walioingiwa na shaka.

Kwa hiyo zote ni salama?

La, na si zote zilitumia mfumo huo wa Google na Apple. Singapore iliwaambia watu kuwa data ya programu yake, TraceTogether, ni ya kufuatilia corona tu; Januari 2021 serikali ikakiri bungeni kwamba polisi wanaweza kuitumia kwenye uchunguzi wa jinai. Norway nayo iliisimamisha programu yake, Smittestopp, Juni 2020, kwa kuwa ilikusanya mienendo ya watu kwa GPS na mamlaka ya ulinzi wa data ikaipinga. Kabla ya kupakua, uliza data inakaa wapi, nani anaiona, inafutwa lini.

Mimi sipakui chochote. Niko salama?

Na kile kitabu cha askari getini? Wakati wa corona tuliandika humo jina, namba ya simu, kitambulisho, hata joto la mwili, na aliyekufuata kwenye foleni akasoma yote. Wako akina dada waliopata ujumbe wa “sasa mrembo” jioni hiyo hiyo. Kwangu mimi kitabu hicho kinaanika mengi kuliko Bluetooth. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na una haki ya kuelezwa zinachukuliwa kwa nini. Ukikiukwa, mlalamikie Kamishna wa Data.

Nikipata tahadhari, ndiyo kusema ninaumwa?

Hapana. Bluetooth hupenya ukuta mwembamba, kwa hiyo huenda mgonjwa ni jirani wa ploti ambaye hamjawahi kupumua hewa moja. Vaa barakoa, jiepushe na wazee, ukapimwe. Na simu ikinyamaza, usijipe moyo sana: aliyekukoholea kwenye matatu huenda alikuwa na simu ya mulika mwizi, isiyopakua programu yoyote.