Ufunguo Uliofichwa Ndani ya Kiendeshi cha Xbox 360

Konsoli ya Xbox 360 inapowekewa diski halali ya mchezo, isiyo na mkwaruzo hata mmoja, kisha ikaonyesha video fupi inayomwagiza mwenyewe aiweke diski hiyo ndani ya Xbox 360, mtu asiyeujua undani wa mashine hiyo huamini kwamba diski imeharibika. Mimi nikiona dalili hiyo huuliza swali moja tu: je, kiendeshi hiki, yaani kifaa kinachosoma diski, ndicho kilichotoka kiwandani pamoja na bodi kuu ya konsoli hii? Katika konsoli nilizoletewa zikiwa na tatizo hili, jibu limekuwa hapana karibu kila mara. Fundi aliyetangulia alikuta leza imechoka, akachomoa kiendeshi kizima kutoka katika konsoli nyingine, akakifunga mahali pake, na kila kitu kikaonekana kuwa sawa: trei inafunguka, diski inazunguka, filamu za DVD zinachezwa bila kukwama. Michezo peke yake ndiyo inayokataa.

Sababu ni kwamba diski ya mchezo wa Xbox 360 imegawanywa katika maeneo mawili. Eneo dogo limeandikwa kama DVD ya kawaida, na ndani yake mna ile video ya maelekezo ambayo kichezeshi chochote kinaweza kuisoma. Eneo kubwa lenye mchezo wenyewe limefichwa, na kiendeshi hakilifungui mpaka kwanza kithibitishane na konsoli kwamba kila upande unaujua ufunguo mmoja wa siri. Uthibitisho huo ukishindikana, kiendeshi hakilalamiki wala hakitoi ujumbe wa hitilafu. Kinaendelea kulionyesha lile eneo dogo tu, na konsoli, kwa kuwa inaona DVD ya video mbele yake, inaicheza.

Ufunguo huo una urefu wa baiti 16, yaani biti 128, na kila konsoli ina wake. Nakala yake moja imo katika kumbukumbu ya kiendeshi, pamoja na programu dhibiti inayokiendesha. Nakala ya pili imo katika kumbukumbu ya bodi kuu, ndani ya hazina ya siri iliyosimbwa, yaani iliyogeuzwa isisomeke, kwa ufunguo mwingine ambao ni wa prosesa ya konsoli hiyo peke yake. Kwa hiyo viendeshi viwili vya modeli moja, vilivyotengenezwa na kiwanda kimoja, haviwezi kubadilishana nafasi bila kazi ya ziada. Mtu anapozungumza juu ya kuirekebisha programu dhibiti kwa ajili ya matengenezo, hasa anazungumza juu ya kuuhamisha ufunguo huu kutoka kiendeshi kinachokufa kwenda kiendeshi kizima.

Tangu konsoli ilipotoka mwezi Novemba 2005, viendeshi vyake vilitoka kwa watengenezaji kadhaa: Hitachi-LG kwa modeli ya GDR-3120L, Toshiba-Samsung kwa TS-H943, BenQ kwa VAD6038, na Lite-On kwa DG-16D2S. Ndani yake havifanani. Samsung, BenQ na Lite-On hutumia chipu za MediaTek, ilhali Hitachi ina prosesa ya Panasonic yenye lugha yake kabisa, na ndiyo maana zana inayokisoma kimoja haifai kwa kingine. Kinachofanana ni ukubwa wa kumbukumbu, kwa kuwa programu dhibiti nzima huenea katika baiti 262,144. Humo ndani mna maelekezo ya kuendesha mota, kuielekeza lenzi, kufungua trei na kujibu amri za konsoli. Mna jina la utambulisho la kiendeshi. Na mna zile baiti 16. Jina la utambulisho nalo lina uzito, kwa sababu bodi kuu inakumbuka ni modeli gani iliyofungwa kiwandani. Anayeweka BenQ mahali pa Samsung hana budi kuhamisha ufunguo na kukifanya kiendeshi kipya kijitambulishe kwa jina la kile cha zamani.

Kabla sijaendelea, niseme jambo ambalo ningependa kila fundi alijue, kwa kuwa linaokoa konsoli nyingi kuliko programu yoyote. Ufunguo haukai katika leza, wala katika mota, wala katika trei. Unakaa katika bodi ndogo ya kijani iliyo chini ya kiendeshi. Ikiwa kilichochoka ni leza, au mkanda wa trei umelegea, au mota imesimama, basi tafuta kiendeshi kingine cha modeli ileile, ng'oa bodi yake ndogo, na ufunge bodi ya zamani katika umbo hilo jipya. Ufunguo unakuwa umebaki na konsoli yake, na hakuna hata baiti moja iliyoguswa. Mimi hujaribu njia hii kwanza, na nimesikitika kila nilipokuta mtu ametupa bodi nzima ya zamani ilhali lililokuwa limekwisha ni leza tu.

Bodi yenyewe inapokuwa na hitilafu, au modeli inayofanana haipatikani, ndipo kazi ya programu dhibiti inapoanza. Kwa upande wa data, viendeshi hivi hutumia kiunganishi cha SATA, kilekile cha diski za kompyuta, kwa hiyo vinaweza kuunganishwa na kompyuta moja kwa moja. Kiunganishi cha umeme ndicho kilicho tofauti, na kiendeshi kinahitaji kupata umeme kutoka konsoli yenyewe au kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Tena, si kila kompyuta inafaa. Kuzungumza na chipu za MediaTek katika hali ya huduma, ile ya kusoma na kuandika programu dhibiti, kunahitaji amri zisizo za kawaida, na vidhibiti vingi vya SATA, au mfumo wa kompyuta wenyewe, huziingilia kati. Kwa miaka mingi kadi za nyongeza zenye chipu ya VIA VT6421 zimependwa kwa sababu huziacha amri hizo zipite. Hitachi inahitaji kuingizwa katika hali maalumu ya kuwaka ili kompyuta iitambue. Lite-On za mwanzo zilikataa kabisa kuutoa ufunguo kwa njia ya SATA, na ilibidi usomwe kupitia njia ya mawasiliano ya mfululizo, huku trei ikiwa imeachwa wazi nusu.

Hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote ni ile ya kusoma kabla ya kuandika. Kumbukumbu ya aina hii haiandikwi juu ya maandishi ya zamani kama mtu anayefuta neno na kuandika jingine. Inafutwa kwanza, ndipo maandishi mapya yanapoingia. Kati ya kufutwa na kuandikwa kuna muda ambapo nakala pekee ya ufunguo iliyo rahisi kuifikia ni ile iliyo katika kompyuta yako, na kama umeme utakatika wakati huo, au kama nakala uliyoichukua ilikuwa na kasoro, bodi ndogo inabaki tupu. Kwa hiyo husoma kumbukumbu yote mara mbili, tena baada ya kuzima na kuwasha kiendeshi, kisha hulinganisha faili hizo mbili baiti kwa baiti. Zikitofautiana hata mahali pamoja, siandiki chochote; natafuta kebo mbovu au mguso uliolegea. Zikilingana, natazama kama mahali pa ufunguo pana baiti zinazoonekana kuwa za nasibu, kwa sababu eneo lililojaa sifuri au lililojaa thamani moja ni dalili kwamba kiendeshi kilitoa data bila kutoa siri yake.

Inawezekana pia bodi ndogo ikaungua kabla mtu hajauchukua ufunguo. Kwa muda mrefu hiyo ilikuwa hukumu ya kifo kwa upande wa michezo ya diski. Hali ilibadilika watafiti walipopata njia za kuufikia ufunguo wa prosesa, kwanza kupitia udhaifu wa matoleo ya zamani ya mfumo, kisha mwaka 2011 kwa mbinu inayoipunguza kasi prosesa na kuipiga mshtuko kwenye waya wa kuianzisha upya, mshtuko mfupi kuliko sehemu moja ya milioni ya sekunde, hata ukaguzi wa uhalali wa programu ya kuwashia ukatoa jibu lisilo sahihi. Aliye na ufunguo wa prosesa anaweza kuisimbua hazina iliyo katika bodi kuu na kuikuta humo nakala ya pili ya ufunguo wa kiendeshi. Ni kazi ya kulehemu waya nyembamba mno, na siwashauri wanaoanza waifanyie mazoezi katika konsoli wanayoipenda.

Siwezi kuieleza programu dhibiti hii kwa uaminifu bila kutaja matumizi yaliyoipa umaarufu. Mwaka 2006, miezi michache baada ya konsoli kutoka, zilionekana programu dhibiti zilizobadilishwa ili kiendeshi kiikubali diski iliyochomwa, yaani iliyonakiliwa kwa kompyuta, nyumbani kana kwamba ilitoka kiwandani. Ulinzi ambao waundaji wa programu hizo waliukabili ulikuwa na ubunifu mkubwa. Sekta za diski, yaani vipande vidogo vya data, hupangwa katika mstari mmoja unaojizungusha kutoka ndani kwenda nje, na katika diski iliyopigwa chapa kiwandani, pembe iliyopo kati ya sekta moja na nyingine hutegemea umbo la chapa mama, yaani kigezo kinachozipigia diski hizo. Diski tupu inayochomwa ina mfereji wake uliokwisha kuchorwa, kwa hiyo data ileile ikiandikwa humo, sekta zilezile huangukia katika pembe tofauti. Konsoli hukiuliza kiendeshi maswali kuhusu pembe hizo, na majibu yanayotarajiwa yamehifadhiwa katika sekta ya usalama ya diski. Programu zilizobadilishwa hazikupima chochote; zilisoma majibu yaliyonakiliwa pamoja na mchezo na kuyarudisha.

Udhaifu wa uongo huo ulikuwa ukamilifu wake. Mota halisi hutetereka kidogo, na vipimo halisi hupishana kidogo kila vinapochukuliwa, ilhali majibu ya kunakili hayakuwa na mpishano huo. Mwezi Novemba 2009 Microsoft ilizifungia konsoli nyingi zilizobadilishwa zisiweze tena kuingia katika Xbox Live, huduma yake ya mtandaoni, na mwaka 2010 vipimo vikali zaidi vya pembe vikaanza kuulizwa wakati mchezo ukiendelea. Mwaka 2011 ukaja mpangilio mpya wa diski uliowapa watengenezaji wa michezo takriban gigabaiti 1 zaidi ya awali. Upande wa viendeshi pia uliimarishwa: katika konsoli nyembamba zilizoanza mwaka 2010, kumbukumbu ya kiendeshi ilifungwa isiandikike, na kwa mafundi wa matengenezo jambo hilo lilimaanisha kwamba hata ufunguo halali kwa kawaida haungeweza kuingizwa katika bodi ya asili, na ilibidi kutafuta bodi mbadala. Ninausikitikia ukweli kwamba mvutano wa wanakili na watengenezaji ulimfungia mlango pia mtu aliyetaka tu kubadilisha leza iliyochoka.

Sheria imeanza kuitambua tofauti hiyo. Nchini Marekani, msamaha uliotolewa mwezi Oktoba 2021 chini ya sheria ya hakimiliki uliruhusu ulinzi wa konsoli ukiukwe kwa ajili ya kutengeneza au kubadilisha kiendeshi cha diski, kwa sharti kwamba ulinzi huo urejeshwe baada ya kazi. Kwa maoni yangu, kuhamisha ufunguo ndiyo kazi inayolitimiza sharti hilo vizuri zaidi, kwa sababu kiendeshi kipya chenye programu dhibiti ya kiwandani na ufunguo wa zamani kinapima pembe kama kile kilichotangulia, na kinaikataa diski ya kuchoma vilevile. Suala hili halijaishia kwa Xbox 360. Bodi ya kiendeshi cha PlayStation 3 nayo imeunganishwa na konsoli yake, na kiendeshi cha kupachika cha PlayStation 5 kilichotoka mwaka 2023 kinahitaji kuoanishwa kupitia intaneti kinapofungwa mara ya kwanza.

Duka la michezo la Xbox 360 lilifungwa tarehe 29 Julai 2024. Tangu siku hiyo, mchezo wa konsoli hiyo ambao mtu hakuwahi kuununua kwa kuupakua unapatikana hasa kwa diski, kama ulitolewa kwa diski, na diski inahitaji kiendeshi kinachoaminiwa na bodi. Ndiyo maana siku hizi nikiletewa konsoli iliyo nzima, kwa kazi ndogo kama kusafisha feni, humwomba mwenyewe ruhusa ya kusoma kumbukumbu ya kiendeshi pale modeli inaporuhusu. Faili la baiti 262,144 humkabidhi yeye mwenyewe katika fleshi, na nambari ya konsoli huiandika kwenye jina la faili, ili fundi atakayeifungua baada ya miaka kumi ajue ufunguo huo ni wa bodi ipi.