Wameshaondoka, majina yamebaki: kusafisha rmtab kwenye seva ya NFS

Nasimamia seva ya mafaili katika ofisi moja hapa Chake Chake. Nyaraka zetu zote zilizoskaniwa zimo humo, na kompyuta za kila chumba huzifikia kwa NFS, njia ya kutumia folda za seva kupitia mtandao kana kwamba zimo kwenye kompyuta yenyewe. Ijumaa moja nilitaka kuizima nibadilishe diski wakati watu wamekwenda kuswali. Mkuu wangu akaniuliza, "Nani bado yumo ndani?" Nikaandika showmount -a, amri ya kuorodhesha kompyuta zilizochukua folda za seva. Yakatoka majina 43. Ofisi nzima ina kompyuta 16.

Jina la nne nililijua. Kompyuta ile imo stoo, chini ya meza, kasha lake limeliwa na kutu ya hewa ya bahari na juu yake pamewekwa katoni ya karatasi. Haijawashwa kwa miaka miwili. Seva ilikuwa ikiihesabu kuwa imo kazini.

Orodha hiyo hutoka kwenye faili liitwalo rmtab, ambalo kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva, hukaa /var/lib/nfs. Katika NFS ya toleo la 3, lililotoka 1995, kompyuta inayotaka folda hubisha hodi kwanza kwa mountd, programu ya seva inayokaa mlangoni. Mountd huikabidhi ufunguo wa folda hiyo, huandika jina lake kwenye rmtab, na kazi yake imekwisha. Kusoma na kuandika mafaili ni shughuli ya nfsd, programu nyingine ya seva, wala nfsd haiitazami rmtab hata mara moja. Kompyuta ikiiachia folda kwa utaratibu, hutuma ujumbe na jina hufutwa. Ujumbe usipofika, hakuna anayeuulizia.

Na huku kwetu mara nyingi haufiki. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga, na hali si ile ya zama za majenereta matupu, lakini umeme bado hukatika. Ukikatika, kompyuta isiyo na betri ya akiba huzimika bila kuaga. Ikiwaka tena, router huenda ikaipa anwani nyingine, na mashine moja ikawa na mistari miwili, mitatu.

Hata isipobadilishwa anwani, utaona jambo jingine. Kila mstari wa rmtab una jina, folda, na hesabu mwishoni. Kwa mashine moja ya mapokezi nilikuta 0x0000002f, namba ya msingi wa 16, yaani 47. Kila ilipopachika folda, yaani ilipobisha hodi na kukabidhiwa, hesabu ilipanda moja. Kila ilipoaga ilishuka moja. Mara 47 ilipanda bila kushuka. Kwa hiyo hata leo ikiaga vizuri mstari hautaondoka, utasoma 46.

Kusafisha kwenyewe hakuna uzito. Simamisha mountd, nakili faili pembeni, futa mistari iliyokufa, washa mountd. Usilihariri mountd ikiwa hai, kwa sababu yenyewe huandika faili la muda kisha hulibadilisha jina likashika nafasi ya lile la zamani, na marekebisho yako yanaweza kupotea. Fanya upesi pia: waliomo ndani wataendelea na kazi, ila mountd ndiyo inayoijibu nfsd inapouliza nani ana ruhusa ya folda gani, na ikichelewa kurudi maombi mengine yataanza kungoja. Tena kufuta jina la mtu hakumtoi nje. Ufunguo bado anao. Wa kumzuia ni exportfs, amri ya kutoa na kuondoa ruhusa za folda.

Nilifanya hayo yote siku ile. Nikaacha majina matano tu, nikawapigia simu wenyewe mmoja mmoja, nikazima seva. Dakika chache baadaye Bi mmoja wa chumba cha kuskania akaja mlangoni. "Mwanangu, mashine yangu imeganda, na nilikuwa nusu ya jalada." Jina lake halikuwemo kwenye orodha, wala kabla sijaisafisha halikuwemo.

Kompyuta yake ilikuwa mpya, inatumia NFS ya toleo la 4. Toleo hilo halibishi hodi kwa mountd, hivyo halimo rmtab kabisa. Lenyewe lina mkataba wa muda: kompyuta hujitambulisha kwa seva kila mara, na ikinyamaza kupita muda wake, sekunde 90 kwa kawaida kwenye Linux, seva ina haki ya kuifuta. Maelezo ya itifaki ya 1995 yanasema kwamba orodha ya mountd ni ya kushauri tu, kwa mfano kuwatahadharisha watu seva inapotaka kuzimwa. Ndiyo kazi niliyoitumia, nayo ikaniacha nimkatize mama wa watu katikati ya jalada.

Siku hizi natazama sehemu tatu. Wa toleo la 4 nawaona /proc/fs/nfsd/clients, iliyopo tangu Linux 5.3. Wa toleo la 3 nawaona kwa ss -tn, amri ya kuonyesha miunganisho ya mtandao, nikitazama ile ya poti 2049, mlango wa NFS. Hapo narudia kutazama asubuhi na mchana, maana kompyuta ya Linux iliyokaa kimya dakika 5 hukata muunganisho ingawa folda bado imeishika. Rmtab naisoma mwisho, na naisafisha kila umeme ukikatika na kurudi. Kisha, kabla ya kugusa swichi, nakwenda kwa miguu hadi chumba cha kuskania.