Anza na udhaifu: kumtengeneza mhusika wa mchezo wa mezani wa kianime

Kila tunapoanza hadithi mpya hapa Kigoma, kwenye mchezo ambao kila mchezaji humwigiza mhusika wake kwa maneno na dadu, karatasi za wahusika zinazoletwa mezani hufanana mno. Kijana mkimya, nywele zimemfunika jicho moja, wazazi waliuawa, upanga ni wa urithi, na kifuani amefungiwa nguvu ambayo hata yeye hajui mwisho wake. Kwenye anime, yaani katuni za Kijapani, kijana huyo anavutia. Mezani wakikutana watano wa namna hiyo hadithi haisogei, maana kila mmoja amejitenga pembeni akisubiri aulizwe ana siri gani.

Mimi ni msimulizi. Ndiye ninayepanga matukio, ninayewasemea maadui na wapita njia, na ninayetamka dadu zimeamua nini. Nikiwa kwenye kiti hicho nimejifunza kumpima mhusika kwa yale yanayomshinda kabla sijatazama anachokiweza. Kama yanayomshinda yatakutana na hadithi tunayoicheza, huyo anafaa. Kama hayatakutana nayo, hata awe na mbawa na mapanga saba, atakuwa mgeni tu kwenye hadithi ya wenzake.

Tunatumia toleo la pili la BESM (Big Eyes, Small Mouth), mchezo wa Mark C. MacKinnon uliotoka mara ya kwanza mwaka 1997 kwa ajili ya hadithi za mtindo wa anime. Mhusika ana sifa tatu tu: Mwili, Akili na Roho. Mtu mzima wa kawaida ana 4. Unarusha dadu mbili, unajumlisha, na ukipata namba iliyo sawa na sifa yako au chini yake, umefaulu. Kwa hiyo mwenye 4 hufaulu kama mara moja katika sita, mwenye 8 hufaulu karibu mara tatu katika nne. Hatua nne kwenye karatasi, lakini mezani ni watu wawili tofauti kabisa.

Kinachonifanya niupende mchezo huu ni hesabu ya uhai. Unachukua Mwili, unaongeza Roho, unazidisha kwa 5. Nguvu za kutumia vipaji nazo ni Akili na Roho, mara 5. Roho inaingia pande zote mbili. Binti mwembamba mwenye Mwili 4 na Roho 8 ana uhai 60, sawasawa na baunsa mwenye Mwili 8 na Roho 4. Ndiyo maana kwenye anime mtu anapigwa, anaanguka, anainuka tena. Kanuni zenyewe zinasema moyo ni sehemu ya mwili.

Kabla ya namba, muulize msimulizi wako mnacheza anime ya aina gani. Maroboti makubwa, maisha ya shule, mtu aliyehamishiwa dunia nyingine, wawindaji wa mapepo: kila aina ina watu wake. Swali hili ni fupi, na wengi hawaliulizi.

Hadithi yetu ya sasa iko hapahapa Ziwa Tanganyika, na kiini chake ni Liemba. Sijui mtunzi wa anime angeomba meli gani zaidi ya hii. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isije ikatekwa, ila kwanza wakazipaka injini grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mezani kwetu tumeongeza jambo moja: katika miaka ile ya chini ya maji, kuna kitu kilipanda melini na hakijashuka.

Mchezaji mmoja akaniambia anataka msichana mwenye uwezo wa mwanga. Nikamuuliza, mwanga wa nini? Ziwani kwetu mwanga wa usiku una wenyewe, nao ni wavuvi wa dagaa. Taa zinawashwa, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu taa zinazidiwa, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wanapumzika. Hapo akazaliwa Zuhura, mtu wa taa kwenye chombo cha uvuvi cha mwalo wa Katonga. Usiku wa giza, mzimu wa mwanga huingia kwenye taa yake na kupigana naye bega kwa bega. Usiku wa mbalamwezi hauji, na Zuhura anabaki na Mwili wake wa 4.

Huo ndio udhaifu ninaoutaka. Unatoka mahali hadithi inapotokea, unajirudia kila mwezi, na adui mwenye akili anaweza kuuvizia. Kanuni hukurudishia pointi, zile za kununulia sifa na vipaji, unapochukua udhaifu, kwa hiyo wajanja huandika kwamba mhusika wao anaogopa theluji. Kigoma! Udhaifu kama huo naukata bila mjadala.

Jambo la pili ni tamaa, na iandikwe kwa sentensi inayoweza kupigiwa kelele katikati ya pambano, kwa sababu watu wa anime hutamka wanachokitaka. Ya Zuhura ni hii: "Nitamiliki chombo changu, sitawasha tena taa ya mtu!" Hakuna kisasi wala unabii ndani yake. Lakini mimi msimulizi nimepata kazi ya kutosha: nani anamiliki chombo cha sasa, nani atampa mkopo, na kile kilichomo Liemba kikimwahidi meli nzima atajibu nini?

Pointi nazo usizimalize kwenye kipaji kilichokamilika. Weka Roho juu, kipaji chini, ili apande tukiwa tunamwona. Sura ichukue dakika chache. Alama moja inayochoreka kirahisi inatosha, na ya Zuhura ni kovu la kuungua na taa kiganjani.

Mwisho, mfunge na mwenzake. Mchezaji mwingine alimwandika Hamisi, kaka yake Zuhura, fundi wa injini za boti, Mwili 8, anayeogopa maji ya kina kwenye ziwa lenye kina cha mita 1,470. Kwetu, kabla dadu hazijarushwa, kila mchezaji humsomea aliye kushoto kwake udhaifu wa mhusika wake, na huyo wa kushoto huamua kama mhusika wake anaujua. Mwenye Hamisi aliamua kwamba kaka haujui. Zuhura, kwa kiburi chake, hakuwa amemwambia. Basi usiku wa kwanza wa mwezi mpevu, Liemba ilipopita bila taa wala nahodha, Hamisi alimeza hofu yake, akawasha injini na kuelekea palepale kwenye kina, akipiga kelele, "Dada, washa!"